Swichi Iliyogoma Kuzima

Mafiga,
Morogoro.
16 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Sumbawanga? Au bado unamsumbua dada Raya akuwashie jiko mchana kutwa? Sisi tu wazima. Mama ameshuka jana kutoka Mgeta na gunia la njegere, na tangu afike kazi yetu ni kumenya tu.

Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu ya aibu. Ile swichi niliyokueleza, ya vipande vya jeni ndani ya seli za panya, iligoma. Ilitakiwa nikitia dawa seli ziwake kijani, nisipotia zibaki giza. Zikawa zinawaka tu, dawa haipo. Miezi mitatu napanga upya na kuunga upya, bado zinawaka. Mwalimu wangu, Dk. Agustino, akaniambia kwa upole, "Hafidha, Ijumaa ikifika haijazima, tutaiacha." Mjomba, nililia chooni kama mtoto wa chekechea.

Jumanne nikakukumbuka enzi zako za ubwana mifugo. Ukiletewa ng'ombe mgonjwa, kabla hujamgusa uliuliza, "Amekula nini, na nani kamchoma sindano?" Nikajiuliza, na seli zangu je? Chakula chao ni maji ya damu ya ndama, yale yanayojitenga damu ikiganda. Ya kuagiza nje yalichelewa, tukatengeneza wenyewe kwa ndama wa mfugaji mmoja wa Kihonda, tukajisifu kwa ujanja, mimi wa kwanza. Nikamfuata. Akajibu kwa fahari, "Hawa? Hawaumwi hawa! Kila wiki nawachoma OTC."

OTC, Mjomba, ile tetrasaiklini ya mifugo! Ni ukoo mmoja na dawa yangu ya kuwashia, na ilikuwa imebaki ndani ya damu ya wale ndama. Swichi ilikuwa nzima. Sisi ndio tulikuwa tunaiwasha kila tulipozilisha seli.

Tukaazima maabara ya jirani chupa ya maji ya damu yasiyo na dawa. Ijumaa asubuhi nikachungulia kwenye hadubini: giza. Sijawahi kulifurahia giza namna ile. Nikatia dawa, na jana zimewaka kijani tupu.

Dk. Agustino aliuliza nani kanifundisha swali lile. Nikamtajia wewe. Anataka uandikwe kwenye ripoti yetu, sehemu ya shukrani, kwa hiyo niletee jina lako kamili, na la ukoo usilisahau.

Msalimie dada Raya na shemeji Halidi. Mama anakusalimu sana. Njegere zako kaziweka pembeni. Mungu akutunze, magoti yapate nafuu uje uisome ripoti hapa hapa.

Mpwa wako akupendaye,
Hafidha