Mguu wa Komanda

Jumanne. Baridi tangu asubuhi, na upepo wa hapa kambini Dzaleka unatupa vumbi hadi kwenye cherehani yangu. Moyo haujatulia.

Watu wananiita staa njiani. Mi nacheka. Kwangu kuigiza ni kazi kama kushona: unafika mapema, unajua maneno yako, ukimaliza unafagia ukumbi. Wiki jana tulicheza mtaa wa Area 36, kule Lilongwe, wakasimama kunipigia makofi. Kesho yake asubuhi nilikuwa hapa, napunguza sketi za mama wa kwaya.

Nacheza komanda. Anaingia kijijini akiburuta mguu wa kushoto, anatabasamu, halafu anaagiza nyumba zichomwe.

Leo alikuja mteja nisiyemjua, na suruali ya kukunja pindo. Nilipokuwa nampima, akauliza polepole:

"Ule muguu, uliiga wa nani?"

"Njo mambo ya mchezo tu, ndugu yangu."

"Hapana. Mi namujua mwenye ule muguu. Iko Madisi sasa, anauzisha mahindi. Nilimuambia habari yako. Anasema Ijumaa atakuya kuangalia muchezo."

Akaniachia suruali, akaenda. Sikuuliza hata jina.

Ni kweli, ule mguu sikuubuni. Niliuona kwa macho yangu kule Fizi, Kongo, siku kijiji chetu kilipochomwa, nikiwa nimelala kifudifudi katikati ya mihogo. Sijawahi kumwambia yeyote kwenye kikundi chetu.

Suruali niliimaliza. Nilifumua pindo mara mbili, lakini niliimaliza.

Mchana, kwenye mazoezi, nilimweleza Mama Zawadi, anayetuongoza.

"Basi tembea sawa na muntu yeyote," akasema.

Nikaingia nimenyooka. Wenzangu wanaocheza wanakijiji walisahau kuogopa; mmoja alicheka. Nikarudi mlangoni, nikaingia tena nikiburuta mguu. Hakuna aliyecheka.

Mama Zawadi akaashiria tuendelee.

Kwa hiyo Ijumaa nitaenda kazini, na mguu nitauburuta. Si ushujaa, naogopa sana. Ila nguo iliyoshonwa vibaya simpi mteja, na mchezo uliochezwa vibaya sitaki kuwapa watu.

Jioni hii, tukila nsima, ugali wa hapa Malawi, nimemweleza mke wangu. Nilidhani atanikataza. Amesema watoto watabaki kwa jirani, na yeye atakaa karibu na mlango, kwa sababu sura ya yule mtu anaikumbuka kuliko mimi.