Nimalize Mwenyewe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Uliandika kwamba linakusumbua ukiinama kufagia tu, nami nikajiuliza ni nani aliyekwambia uendelee kushika ufagio. Waachie wadogo zangu, wana migongo mizima na hawana kazi nayo. Mimi ni mzima. Nimenenepa, hata ile suruali uliyonishonea imegoma kufungwa.

Barua yako ilinifikia Jumanne nikiwa kazini. Niliona jinsi ulivyoniogopea. Ulizunguka mbuyu ukurasa mzima kabla ya kusema kwamba mchumba wangu, binti wa seremala, amechoka kunisubiri na ameolewa na fundi redio. Ukanisihi nile, nilale, nisiwaze. Ukaongeza kwamba baba mkubwa ameshapata pa kuziba pengo: yupo mdogo wake huyo binti, na wazee watakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi kusikia kama namkubali. Jibu nitakupa, lakini nivumilie kwanza, maana nina maneno ya miaka mitatu.

Najua huko mnasema nilivuka mpaka kwa sababu ya pesa. Chumbani kwetu tuko wanne, na dirisha letu moja linatazama ukuta. Fundi rangi kweli alifuata pesa, wala hafichi. Anasema siku mbili za hapa ni wiki mbili za kwao. Mpishi ana mtoto mwenye moyo mgonjwa, na hospitali za huku zina mashine ya kuupima. Yule tunayemwita Mwalimu, na ni mwalimu kweli ingawa sasa anaosha magari, alichoshwa na mshahara uliokuja ukijisikia. Lakini mtu akituuliza tumefuata nini, wote tunajibu maisha. Neno hilo linatufunika wote wanne kama shuka moja.

Na mashuka ndiyo kazi yangu. Kiwanda chetu kinafua ya hoteli na ya hospitali, mimi niko upande wa kukunja. Shuka linatoka kwenye pasi likiwa la moto, mwenzangu anashika pembe mbili, mimi mbili, tunakutana katikati, tunaachana. Tunakutana hivyo kutwa nzima bila kugombana. Ndoa ngapi zinaweza hilo?

Sikuwahi kukusimulia habari za mpakani. Afisa aliniuliza sababu ya kuja, nami nikaanza: ka, ka, ka. Unaujua ulimi wangu. Watu husema ulimi hauna mfupa; huu wangu unao, tena mingi. Nikangoja acheke. Badala yake aliniomba radhi kwamba anaongea haraka mno kwa mgeni, akarudia swali taratibu, kisha akatulia mpaka nikasema kazi. Mama, mtu mwenye bastola kiunoni aliniomba radhi!

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoishi. Wanadhani natafuta neno katika lugha yao, basi wananingoja nilipate. Hakuna anayeniita Cherehani kama watoto wa mtaani kwetu. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali asiye na subira hata na mashine, hujishika kiuno na kusubiri nimalize. Na kwa kuwa hakuna anayenikimbiza, ulimi umeanza kulegea. Juzi nilisimama mbele ya wenzangu kumi na wawili kueleza kwa nini zamu zetu zipangwe upya. Nilikwama mara nne. Nilifika mwisho, na zamu zimepangwa upya.

Sasa nifike pale ninapopaogopa, maana mficha uchi hazai. Unaikumbuka ile siku ya kikao, sebule imejaa wazee hadi mlangoni, baba mkubwa akaniuliza kama nina neno juu ya binti wa seremala. Nilianza kujibu: si, si, si. Jasho likanitoka. Ukaniona ninavyoteseka, ukanionea huruma, ukanimalizia kama ulivyokuwa ukinimalizia tangu utotoni. Ukawaambia hana neno. Jikoni wakapiga vigelegele, chai ikaletwa.

Mama, sikuwa nasema sina neno. Nilikuwa nasema sitaki.

Binti hakuwa na kasoro, ila moyo wangu haukuwa kwake. Nilishindwa kukuumbua mbele ya wazee, nikadai naenda kutafuta mahari, nikavuka. Hiyo ndiyo sababu yangu, hakuna nyingine. Nilimfungia binti wa watu miaka mitatu kwa uoga wangu, na hilo linaniuma. Mfikishie radhi zangu, yeye na mumewe. Niliposoma kwamba ameolewa, nilikaa juu ya rundo la mashuka machafu nikacheka hadi machozi. Mwenzangu alidhani nimefiwa, akaanza kunipa pole.

Sikulaumu hata kidogo. Wewe uliwahi, mimi nikanyamaza; kosa ni letu wawili. Nimelibeba hili muda mrefu mno, na sasa ninavyoandika najisikia mwepesi, hata njaa imenishika. Likizo ikifika nitakuja tukae mimi na wewe tuongee, hata kama sentensi moja itatuchukua asubuhi nzima. Kisha nitarudi kazini kwangu.

Nisalimie wadogo zangu wote, na yule wa mwisho mwambie viatu vyake nimeshavinunua. Mpe shikamoo baba mkubwa. Najua ananitakia mema kwa njia yake ya kelele. Jumapili akiuliza nimejibu nini juu ya huyo mdogo mtu, usimwachie yeyote barua hii. Simama wewe mwenyewe umsomee: nashukuru, lakini sitaki. Na jikoni wakianza vigelegele ukiwa bado kwenye si, wanyamazishe, mama, umalizie neno.

Ni mimi mwanao,
Mkunja Mashuka