Lori la Kwenda Tandala na Mkwe Kwenye Usukani

Mshauri wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote wa nyumbani mwako. Nakuandikia nikiwa nimekalia mzigo wa mablanketi ambao nimeufunga na kuufungua mpaka kamba imeanza kuchakaa kabla ya safari yenyewe, na naomba unisaidie, kwa maana hapa kwetu Makambako kila niliyemwuliza amecheka kwanza ndipo akajibu, na jibu la mtu aliyetoka kucheka mimi siliamini sana.

Mimi ni mama wa makamo, Mlutheri, nimesoma shule ya misheni kiasi cha kusoma Biblia na gazeti hili lako, na hapa njia panda ninawapikia wasafiri chai na viazi. Tangu niolewe nimewaona watu wakipita, huyu anakwenda Iringa, huyu Mbeya, huyu Njombe, wananiachia vikombe vichafu na habari nzuri, na mimi mwenyewe sijakwenda popote ila kwenye misiba na harusi, nako huko nilikwenda kupika. Sasa ninaye jirani, jina lake Oktavia, ni fundi wa kushona, yeye ni Mkatoliki na jambo hilo tulikwisha kusameheana zamani, ndiye rafiki yangu wa kuchekea na wa kulilia. Siku moja tunapukuchua mahindi akaniambia, "Mama Ida, hivi sisi tutazikwa bila kuona maji yakilala ndooni ni maji na kuamka ni jiwe?" Maana yeye alikwisha kusikia kwamba huko juu Tandala na Matamba, ikifika Juni na Julai, umande unaganda juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagwa, na ukikanyaga unalia chini ya mguu. Nikamwambia sisi wenyewe hapa tunatetemeka, tufuate baridi ya nini tena. Akasema, "Hii yetu ni baridi ya watoto." Mshauri, tangu siku hiyo usingizi ukanipungua kwa furaha.

Tukapanga safari ya watu wasio na kitu, na nakwambia tulipanga vizuri. Wenye akili wakati huu hukaa motoni, sisi tukaona ndio wakati wenyewe, kwa sababu mahindi yamevunwa, barabara imekauka, na ghalani kuna cha kufungasha. Njombe tutalala kwa masista waliomfundisha Oktavia kushona, Tandala tutalala kwa washarika wenzangu, ambao hatujuani lakini nyimbo tunaimba zile zile. Chakula tutabeba viazi vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga na kuku mmoja wa kuchoma, ambaye itabidi aishe kabla ya Ijumaa kwa sababu siku hiyo Oktavia hali nyama, nami nikimla mbele yake nitaonekana sina huruma. Nauli ndiyo ilitushinda, lakini Oktavia akapata dawa yake: kuna lori la mfanyabiashara mmoja linalopeleka chumvi na vitambaa huko juu na kurudi na ngano, viti vyake vya mbele vilikuwa vimechanika, naye akamshonea dereva vikawa kama vipya, na dereva akamwahidi nafasi mbili mbele, yeye na mwenzake, kwenda na kurudi, mwezi wa saba. Nikamsifu Mungu. Mume wangu Kefa naye akanipa ruhusa na koti lake la jeshi la Keya alilorudi nalo vitani, akasema, "Nenda, Mama Ida, maana usipokwenda nitahadithiwa habari za Tandala mpaka kaburini."

Sasa sikia yaliyonipata. Jioni moja nimelivaa koti lile, soksi mikononi, blanketi kichwani, natembea uani kwa Oktavia kumwonyesha Kefa jinsi nitakavyoshuka lorini Tandala, naye amekaa kwenye kigoda ananipigia amri za kiaskari, kushoto, kulia, geuka nyuma. Nikageuka nyuma. Mbele yangu amesimama Oktavia na yule dereva aliyekuja kuutazama mzigo wetu, na dereva ni Danieli, mume wa binti yangu Ida.

Mshauri, nikaingia banda la kuku. Sijui kama huko uliko mna desturi hii, lakini kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini kumpisha mwenziwe. Danieli ni kijana wa heshima, kazi yake ilikuwa upande wa Iringa na ndio kwanza amehamishiwa barabara hii, Ida alikuwa hajatuletea habari. Ndipo nikaelewa kwa nini lori moja geni njiani lilikuwa likipita kwangu mbio bila kusimama wakati mengine yote yanasimama, nami nilikuwa nikisema dereva wa lile hapendi viazi. Oktavia naye alihamia hapa Ida akiwa amekwisha kuolewa, kwa hiyo hakumjua, na Danieli aliambiwa "mimi na mwenzangu" tu.

Oktavia akainama mlangoni kwa kuku. "Mama Ida, umeona nyoka?"

"Nimeona mkwe."

"Mkwe gani?"

"Huyo uliyemleta."

Danieli alikuwa amekwisha kuugeukia ukuta wa jiko, akauambia ukuta, "Shikamoo, mama. Naomba radhi, sikujua."

Nami nikasema, "Oktavia, mwambie marahaba, na mwambie sijambo."

"Anasema marahaba, hajambo," akasema Oktavia, "na kuku nao wanakusalimu."

Kefa alicheka mpaka akaporomoka kutoka kwenye kigoda. Danieli akaondoka kinyumenyume asije akaniona nikitoka, akagonga mti wa uzio, akauomba radhi nao.

Tangu hapo sina amani. Oktavia anasema hakuna lililoharibika, yeye atakaa katikati awe ukuta, na kama ukuta hautoshi tutaning'iniza blanketi kati yangu na mkwe. Mwinjilisti wetu anasema katika Kristo si dhambi. Wifi yangu Ema anasema nikipanda nisimwite tena wifi. Kefa anacheka tu. Nami nikilala nawaza, lori likiruka shimo nikamwangukia? Nikisinzia nikakoroma? Likikwama kilimani tukaambiwa wote tushuke tusukume, mama mkwe na mkwe tukasukuma pamoja kama ng'ombe wa jembe moja?

Ningesema basi, tuache, safari si mkate. Lakini mume wa Oktavia ameitwa na ukoo wao warudi Mawengi kushika shamba la marehemu baba yake, na kabla ya mvua kuanza watahama. Huu ni msimu wetu wa mwisho wa kuwa majirani. Nauli ya basi hatuna, na lori jingine la bure hakuna. Nikikataa, nimemnyima rafiki yangu kitu kimoja alichoniomba. Nikikubali, nimemvunjia mkwe wangu heshima, na yeye ndiye anayemlisha binti yangu. Oktavia ananiambia, "Usiposafiri nami nitakwenda peke yangu nikuletee barafu kwenye chupa," halafu anageuka nisimwone macho.

Je, nipande au nibaki? Nijibu upesi, mzigo umefungwa.

Wako katika Bwana,
Mama Ida, Makambako

MSHAURI ANAJIBU

Mama Ida,

Barua yako imesomwa kwa sauti hapa ofisini, na mpiga chapa ameomba arudiwe kile kipande cha banda la kuku. Sasa tulia juu ya mablanketi yako unisikilize, kwa sababu nimekwisha kucheka na ninalokwambia si mchezo.

Kusafiri kwako ni halali yako. Mwanamke aliyewachemshia chai wapita njia wa nchi nzima anastahili naye siku moja kukaa mahali akaletewa kikombe. Safari mmeipanga vizuri kuliko wengi wenye fedha. Hapo sina la kukukosoa, isipokuwa kuku mmoja kwa watu wawili na baridi ile ni uchoyo. Chukueni wawili.

Lakini mahali pamoja umeniudhi. Umemwuliza mumeo, umemwuliza wifi yako, umemwuliza mwinjilisti, umeniuliza na mimi ambaye hilo lori silijui hata rangi yake. Danieli je? Katika barua yako yote huyo kijana amesema na ukuta na mti wa uzio tu. Mnajadili nani akae katikati na blanketi lining'inie wapi, kana kwamba dereva ni mzigo wa chumvi. Wewe ukifika Njombe utashuka uende zako kwa masista. Yeye ndiye atakayebaki na madereva wenzake, nao watamwuliza kama siku hizi mama mkwe ndiye utingo wake. Ataitwa hivyo mpaka azeeke. Mwinjilisti amesema kweli, si dhambi. Lakini si kila lisilo dhambi linafaa kufanywa mbele ya maduka ya Njombe, na heshima hii mmeifunga wawili, huwezi kuifungua peke yako kwa sababu una hamu ya barafu.

Nami nina mama mkwe. Miaka yote hii namjua kwa sauti na kwa mapishi yake, na tunapendana sana. Usidhani kujificha kwenu ni uadui. Kijana aliyelipitisha lori lake mbio mbele ya viazi vyako, na njaa ya safari tumboni, alikuwa anakuheshimu.

Kuhusu blanketi la Oktavia: likining'inia karibu na gia, Tandala mtaiona mkiwa chini bondeni. Liondoeni mawazoni.

Sasa fanya hivi. Mumeo aache kucheka, amtafute Danieli, wakae kama baba na mwana, amwambie: mama mkwe wako hataki kiti cha mbele, anaomba nafasi nyuma, juu ya magunia, kama utaridhia. Kijana wa namna hii ataridhia, na usiku huo atalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu augonge ule mti wa uzio. Akikataa, basi usipande, na usimlaumu. Lakini hatakataa.

Utakaa nyuma, mgongo umeegemea mbele kwa dereva, upepo usikupige usoni. Turubai juu, mablanketi chini, koti la Keya mwilini. Choma mawe motoni kabla ya kuondoka, uyafunge matambara, uyaweke miguuni. Nanyi wawili mnasahau jambo moja ambalo hata mtoto angewakumbusha: mnakwenda kutafuta baridi. Baridi haikai mbele kwenye viti vilivyoshonwa vizuri. Iko nyuma, bure, na nyota zake zote.

Na Oktavia atakaa nyuma pamoja nawe. Najua ni yeye aliyeshona viti, najua kimoja ni haki yake. Mwambie mshauri amesema aketi hapo dakika moja, avisifu, ashuke, apande kwako. Akinuna, mwache anune mpaka lori litakapoanza kutetemeka. Watu wawili chini ya blanketi moja hawanuniani muda mrefu.

Chakula cha Danieli ukifunge peke yake, akipokee kwa mkono wa Kefa kabla hamjaondoka, ale atakapopenda, nawe usichungulie. Mkifika Tandala yeye atafute malazi yake, nyinyi yenu. Na lori likikwama kilimani, shukeni msukume bila wasiwasi. Anayesukuma yuko nyuma, anayeendesha yuko mbele akitazama barabara. Hata wazee wangekaa kikao wasingewapangia vizuri zaidi.

Wifi yako Ema akirudia maneno yake, mwulize mkwe na mama mkwe watatazamana vipi, huyu mbele usukanini, huyu nyuma juu ya magunia ya chumvi. Atatafuta jibu mpaka utakaporudi.

Limebaki la Oktavia kuhama. Usimlilie kabla hajaondoka, utamharibia safari na machozi yenyewe yataganda. Mawengi si mbinguni, kuna njia ya kwenda. Kauoneni huo umande, mkanyage nyasi zilie, mcheke mpaka washarika wa Tandala waulize hawa wametoka wapi. Halafu mwaka kesho, mahindi yakiisha kuvunwa, mwandikie Oktavia kwamba unakwenda kumwona. Barabara ile Danieli haendeshi. Utakaa mbele.

Mshauri wako