Barua Bila Irabu

Maramba, 9 Februari 1954

Kwa dada yangu Semeni,

Salamu zangu zikufikie hapo Makorora, wewe na shemeji na mama Mwatumu na kaka Safari. Mimi sijambo, hofu yangu ni kwenu, hasa kikohozi cha mama.

Barua yako imefika, na yaliyoipata nitakusimulia ucheke. Mara hii aliyeipokea ni mume wangu Abdulgani. Barua ya Kigujarati ikija huifungua akaisoma yeye kwanza, ndipo anipe. Hii akaiona ni herufi za Kiarabu, naye herufi hizo huzisoma msahafuni tu, penye irabu zote. Na wewe uvivu wako ni ule ule wa chuoni, huweki fatha wala kasra. Akaigeuza, ikamshinda, akadhani ni dua umenitumia. Akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka rafuni juu pamoja na msahafu. Barua yenye habari za ngoma ya Mabawa na shoga yako aliyevunjika kisigino cha kiatu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo kwa ushungi.

Huku asubuhi ukungu hushuka milimani, ukaingia dukani na kukaa baina ya magunia kama mteja asiyejua anataka nini. Wakati mwingine nazungumza nao. Nimeota tena tuko mapajani kwa mama, wewe titi la kulia na mimi la kushoto, na chumba chote kinanuka maziwa na udi. Niliamka nikiwa nimeshiba.

Wiki iliyopita nilianguka jikoni, mkono ukavimba. Benedikta, mke wa mkata mkonge, huja kununua chumvi hapa. Alinikanda kwa maji moto na sasa nimepoa. Barua hii ataipeleka yeye kwenye basi.

Ni mimi mdogo wako kwa siku arobaini,
Sabiha


Makorora, 20 Februari 1954

Sabiha mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama anakohoa lakini anasengenya, kwa hiyo hajambo. Anasema amekuonea shauku mpaka kifua kinamuuma upande wa kushoto, upande wako.

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu kama mwenye pepo. Kisha nikaisoma tena, nikaacha kucheka. Mwaka jana uliniandikia kuwa umeanguka bafuni. Baada ya Idi ukaniandikia umeanguka ngazini. Nyumba yenu haina ghorofa, Sabiha. Ngazi hiyo ilitoka wapi?

Sasa umeanguka jikoni. Sakafu ya Maramba ina ugomvi gani na wewe? Wewe ndiye uliyekuwa ukitembea juu ya ukuta wa chuo na mtungi kichwani, watoto wote wakikutazama.

Ami yako alipokuoza alisema mtu huyu ana duka na ana dini. Habari za mkono wake hakuzisema. Niandikie kweli, na usitie irabu hata moja. Barua zangu mwache aendelee kuzibusu.

Mimi dada yako wa ziwa moja,
Semeni


Maramba, 6 Machi 1954

Dada Semeni,

Salamu kwa mama, na mwambie na mimi nauma upande huo huo.

Ngazi niliizua. Sikufikiri kuwa utaikumbuka nyumba ambayo uliiona siku moja tu, ya harusi yangu.

Ananipiga, Semeni. Neno hili sijapata kulitoa kinywani, na sasa nimeliandika, nalitazama linavyokauka. Hunipiga mchana akishafunga duka kwenda kula. Kwa sababu chai imepoa, kwa sababu kibaba cha chumvi nimekijaza mno, kwa sababu nimecheka na wateja kwa Kiswahili cha mafumbo asichokielewa. Usoni amenipiga mara moja tu, na alama ingalipo. Akimaliza huniuliza kama nimekula.

Ile homa ya mwaka jana haikuwa homa. Ilikuwa mimba, ikatoka. Sasa nina nyingine, imeingia mwezi wa tatu, na hii naitaka. Nimemwandikia ami yangu. Amenijibu nivumilie, nyumba yake haina mlango wa kurudia.

Juzi Jumatatu nilidhani nimekwisha. Biashara ilikuwa mbaya, Abdulgani akaitoa rafuni ile barua yako ya pili, ile ya ngazi, akamwita dukani Mwalimu Sadalla wa chuo cha hapa aisome kwa sauti ili baraka iingie dukani. Nilisimama nyuma ya pazia. Mwalimu aliisoma kimya mpaka mwisho. Akainua macho akatazama pazia. Kisha akaikunja, akafungua viganja akasoma dua yake mwenyewe ya kichwani, ndefu, mpaka Abdulgani akachoka kuitikia amina. Akamwambia, "Hii iweke vizuri. Aliyeiandika ana yakini."

Mchana nikilala naota nyumba hii inajivua kuta moja moja na kwenda zake, inaniacha nimekaa juu ya gunia uwanjani. Naona raha mpaka pale ninapoamka.

Mdogo wako,
Sabiha


Makorora, 19 Machi 1954

Sabiha wangu,

Salamu tuziache leo. Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimevaa buibui nikaenda mjini kwa Bi Jenabai, yule mjane wa Kihindi wa jamaa zenu aliyemwosha marehemu mama yako siku uliyozaliwa, siku mama alipokuweka titini. Nilimwona mwisho nikiwa mtoto.

Nilimkuta darini, juu ya paa la nyumba. Dari yake ni nyeupe tupu, mashuka yametandazwa mwisho hadi mwisho, na juu yake papadi za kukaanga zimeanikwa, mamia, nyembamba hata jua linapita. Wanawake wa Kihindi kumi na wanne wamekaa na vibao vyao wanasukuma unga wa choroko. Kunanuka hiliki na bizari, na ile miti ya kusukumia inakwenda kwa mwendo mmoja, nikasinzia nimesimama. Nilipokuja kusema, "Sabiha anapigwa," miti haikusimama. Ilipunguza mwendo tu. Ndipo nikajua kwamba hakuna aliyeshangaa.

Rukhiben, Mbaniani, huja na kibao chake na maji yake kwa ajili ya dini yake. Alishusha shela begani akanionyesha kovu, akaipandisha, akaendelea na kazi. Mwingine alifungua kinywa nione meno yasiyokuwepo. Na mimi nilikwenda pale nikidhani napeleka habari.

Sasa sikiliza wanavyofanya. Alasiri kazi ikiisha hukaa kwenye ngazi ya kushukia uani, kila mmoja kidato chake, na wa juu humpaka mafuta ya nazi mgongoni aliye chini yake. Wa chini kabisa hupanda kumpaka wa juu. Anayetaka kusema husema, kwani hakuna anayemwona uso. Asiyetaka hupakwa tu. Na mimi nilipakwa, Sabiha, na mimi sipigwi na mtu, nikalia kama mtoto.

Kuhusu wewe, Bi Jenabai amekata shauri. Kwenu kukiwa na harusi mtaani huitwa wanawake wawe mikono ya papadi, na mume anayemzuia mke wake huaibika mbele ya jamaa nzima. Basi atamwandikia Abdulgani kwa Kigujarati kuwa kuna harusi. Nikamwuliza, nani anaolewa? Akasema, "Tutamjua huko mbele."

Safari atakuja kukuchukua. Akiulizwa yeye ni nani hata asafiri na mke wa mtu, mwambie huyo mwenye dini wako kuwa mmenyonya ziwa moja. Ni kaka yako kwa sheria, na sheria anaijua.

Dada yako,
Semeni


Maramba, 2 Aprili 1954

Dada,

Barua ya Bi Jenabai imefika, ameisoma mara mbili. Aliuliza nani anaolewa. Nikasema sijui, na safari hii sikudanganya. Kuhusu kaka Safari alisema kama ni ziwa moja hana la kusema. Amenipa wiki mbili.

Benedikta amenifungia chumvi kwenye kitambaa. Ni ya kujikandia, nimeitia kwenye furushi langu.

Naogopa, Semeni. Simwogopi yeye peke yake. Naogopa nikifika huko nitamwonea huruma anakula peke yake, nirudi. Nishike mkono nikiteremka basini, na usiuachie.

Sabiha wako


Pangani, 20 Septemba 1954

Sabiha,

Habari ya afya yako na ya huyo mgeni? Sisi hatujambo. Miezi mitatu nilikuona kila siku nikasahau kama kuna kalamu duniani. Tangu mume wangu ahamishiwe kazi huku Pangani, mama na mimi tunaishi kwa barua zako, na sasa umenyamaza.

Safari ameniandikia mistari mitatu, unamjua. Wa kwanza, umejifungua salama mtoto wa kike. Wa pili, Abdulgani ameshuka basini Tanga na zawadi imefungwa karatasi, anaulizia harusi. Wa tatu, ananidai shati lake. Tangu hapo siku kumi na mbili, kimya.

Nilijua ipo siku atachoka. Kwanza aliandikiwa bwana harusi ana surua. Kisha Ramadhani. Kisha vitambaa vimekwama Bombay. Kisha baba mtu amekataa, kisha amekubali, kisha bwana harusi ana surua tena. Nilimwambia Bi Jenabai, hakuna anayeugua surua mara mbili. Akaniambia huyu ana damu nyepesi.

Mama hali chakula vizuri. Nakumbuka mwezi wa sita komeo la mlango likilia tu wewe unaganda, na wale wanawake wote wanakung'uta unga mikononi, wanangoja nawe mpaka upumue, ndipo miti inaendelea. Nashindwa kukufikiria umeganda peke yako kule.

Umerudi naye au hukurudi? Kama umerudi sema. Sitakulaumu. Nitapanda basi nije huko huko Maramba na mchi wangu.

Dada yako, nakuomba jibu,
Semeni


Tanga, 2 Oktoba 1954

Kwa dada yangu Semeni na mama yangu Mwatumu,

Sijambo, na mtoto hajambo. Nisameheni kunyamaza. Nilishikwa na homa ya uzazi, wenzangu wakaniuguza kwa zamu, Rukhiben akikaa mlangoni kwa ajili ya dini yake na kuimba kutoka hapo hapo. Na ilipopoa nilikuwa nangoja neno moja liwe kweli kwanza.

Siku aliyokuja, mtoto alikuwa na siku nne. Sisi tuko darini. Yeye alisimama uani, kwani mwanamume hapandi kule, zawadi mkononi. Akaita, "Nimekuja harusini. Bibi harusi yuko wapi?"

Bi Jenabai alimwinua mtoto kwenye ungo alimolazwa, akashuka naye pole pole. "Huyu hapa," akamwambia. "Siku bado haijapangwa. Labda miaka ishirini hivi. Nenda nyumbani, tutakupa habari."

Alimtazama mtoto. Nadhani hakuwa akijua kama yupo. Kisha akainua uso akaniita jina langu, kwa sauti ile ya mchana wa Maramba, na mikono yangu ikaganda juu ya kibao. Miti yote ikasimama. Wakakung'uta unga. Sikusikia aliyetoa amri, lakini walinyanyuka mmoja mmoja wakaenda kukaa ngazini, kila mmoja kidato chake kama alasiri, kutoka juu mpaka alipo yeye. Vidato vilijaa. Hapakuwa na pa kuweka unyayo. Wakamtazama, na mimi nyuma yao nikapumua.

Ile ngazi niliyoizua, Semeni, ilikuwa hapa.

Siku ya tatu jamaa walikaa barazani kwa shauri letu. Ami yangu akaanza, avumilie, avumilie. Ndipo Mwalimu Sadalla akaingia, ameitwa na Bi Jenabai, ametoka Maramba kwa basi la asubuhi, na barua zako za rafuni, alizomwomba Abdulgani azihifadhi, zi mfukoni mwa kanzu. Akaisoma ile ya ngazi kwa sauti, hakuruka neno. Abdulgani akasikia alichokuwa akikibusu. Alilia mbele ya watu. Na mimi nilimwonea huruma, kama nilivyoogopa, lakini miguu yangu haikwenda kwake. Bangili za mahari nimemrudishia. Talaka imeandikwa jana, na mtoto ni wangu kumlea. Zawadi aliiacha uani. Ilikuwa sahani za harusi, tunaanikia papadi.

Komeo likilia bado naganda. Si kila mara. Jana nilipakwa mafuta, nikiwa kidato cha chini, nikasema yote tangu siku ya kwanza, na zamu yangu ilipofika nikapanda juu nikampaka mgeni wetu, msichana wa Muheza. Sikumwuliza kitu.

Mtoto nimempa jina Mwatumu. Mwambie mama upande wa kushoto upoe sasa.

Utaona maandishi yamejaa kuliko kawaida yetu. Nimetia irabu zote, fatha na kasra na dhuma, hakuna herufi niliyoiacha. Asome anayetaka.

Mdogo wako kwa siku arobaini,
Sabiha