Jina Lako Kwenye Redio za Binti Yangu

Chumba cha uani,
Nyumbani.
Jumapili, 14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye baridi ya huko. Sisi tunamshukuru Mungu. Kwa upande wangu, daktari ameacha kunibadilishia dawa. Siku hizi akija ananiuliza habari za wajukuu tu. Nimemwelewa. Usishangae mwandiko. Naandika nikiwa nimelala, lakini akili bado ni yangu.

Najua binti yangu hajakupigia tangu mlipogombana. Zamani alikuwa akikupigia akiwa amekaa hapa nje ya dirisha langu, na kila alipocheka nilijiuliza lini alicheka hivyo na mimi.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Alinunua redio za upepo zilizotumika kutoka kampuni ya ulinzi iliyofungwa, ili kwenye kazi yake ya ujenzi dereva wa kreni aliye juu asikilizane na anayeongoza mzigo kutoka chini. Siku ya kwanza zilinasa walinzi wa duka jirani. Mmoja alikuwa akilalamika, "Chai yangu imefika wapi, au umeinywa wewe?" Tulicheka sana. Kisha binti akasema, "Ngoja nimuulize Baba Mdogo."

Hakuniuliza mimi, niliyefundisha fizikia hadi nikastaafu, na nimelala hatua chache kutoka mezani kwake.

Ukamtumia bure ile programu iliyorekebishwa na mafundi wa mtandaoni, ukamwelekeza namna ya kuunganisha waya kwenye kompyuta na kupanga chaneli upya kwa masafa ya leseni yake. Ukamsisitizia jambo moja: kila redio ina vipimo vyake ilivyopewa kiwandani, vya betri na vya nguvu ya mawimbi, kwa hiyo anakili vya kila moja kivyake kabla ya kugusa chochote. Alifanya hivyo, na zikafanya kazi kama mpya.

Kilichoniuma ni kile kioo cha redio. Programu yako iliruhusu kuandika salamu inayotokea redio inapowashwa, naye akaandika: KAZI NJEMA – BISIBISI. Kila asubuhi wafanyakazi wake walikuja uani kuchukua redio, wakiziwasha mmoja mmoja chini ya dirisha langu. "Bisibisi katusalimu!" "Huyu mzee atakuja lini tumwone?" Mzee! Wewe niliyekubeba mgongoni! Na mzee wa nyumba yupo hapa anakohoa, hakuna aliyechungulia.

Siku moja binti alipokwenda sokoni nilijikokota hadi mezani kwake, kwenye kompyuta. Nilitaka kufuta jina lako niandike BABA, basi. Sikujua njia ya kubadilisha salamu peke yake kwenye redio zote kwa pamoja, na kukuuliza wewe ningeona heri nife. Nikafanikiwa kwenye redio moja, kisha nikachukua kila kilichokuwa ndani yake, pamoja na vipimo vyake, nikavimwaga kwenye nyingine zote. Lile lile ulilokataza.

Binti aliporudi na kuona BABA kwenye kioo, alinibusu kwenye paji la uso. Alidhani nimebadilisha salamu tu. Nilishiba busu lile siku nzima.

Wiki hiyohiyo mzigo wa matofali ulikuwa hewani. Redio ya dereva, kwa vipimo visivyo vyake, ilionyesha betri imejaa, kumbe imekwisha. Chini wakapiga kelele redioni, "Simama! Simama!" Dereva huko juu hakusikia. Matofali yakagonga ukuta na kumwagika mahali ambapo mwashi alikuwa ameondoka punde tu kwenda kuchukua maji. Hakuumia mtu. Binti aliporudi alikupigia akakwambia umempa takataka ya kuua watu.

Nami, mdogo wangu, nilisema kutoka kitandani, "Si nilikwambia? Vya bure hivyo." Nilisema kwa sauti, ili usikie kwenye simu. Nilifurahi kujua umesikia.

Sasa anakaa nami kila jioni, kama nilivyotaka. Lakini hacheki. Redio zimerundikwa sandukuni, na dereva wa kreni anaongozwa kwa ishara za mikono.

Vile vipimo vya mwanzo havijapotea, viko kwenye kompyuta yake, kila redio na vyake. Mwelekeze avirudishe. Na salamu ile, mwache aandike jina analotaka.

Nisalimie shemeji, na mwanao mrefu, na yule kitindamimba wako mcheshi. Mungu awakinge na mabaya, na akufungulie njia ya kuja ukiwa na nafasi, hata kama mimi sitakuwepo kukupokea.

Barua hii siifungi. Nitampa binti aipeleke posta, nami nitamwambia aisome kwanza. Najua atakupigia kabla hajamaliza ukurasa. Ongea naye, umsamehe. Ila mkimaliza, mwambie anipe simu. Nami nataka kukusikia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu wote.