Shangazi Alivyolala Mlangoni mwa Mtani Wetu

Kwa Mama Salimata,
Mtaa wa Koko, Bouaké.
Jumatano, 13 Agosti.

Mpendwa Kaka Fadjigui,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Libreville? Goti linaendeleaje? Wifi na watoto wazima? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haitulii. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji ya watu, maana kila nikikaa nainuka.

Najua utasema, "Nilikwambia." Kweli, ulinikataza kuchanganya kazi na matembezi ya familia. Lakini Zoumana Diarra aliponiita nimkagulie hoteli yake, apate kuongeza ghorofa ya tatu, alisema nije na wote. "Mlete mumeo, watoto na shangazi yenu. Vyumba vipo, chakula bure, ingawa kulisha akina Traoré ni kulisha nzige!" Nani angekataa? Mume wangu Lamine hajapumzika miaka miwili, na Shangazi Sira alikuwa hajawahi kuvuka mpaka. Nikapiga hesabu: siku tatu za kazi, saba za kutembea. Thubutu!

Siku ya pili nilizipima nguzo za ukumbi wa chini, ule wa harusi. Kaka, niliyoyaona sikuyapenda. Zege linamong'onyoka kama mkate mkavu, nondo zimeliwa na kutu, na huko juu wameshaanza kupandisha matofali kabla hata sijafika. Nikamwambia Zoumana mbele ya mafundi, bila kupepesa macho: jengo lako litaanguka, watoe watu.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Msikieni mtumwa wangu huyu! Traoré mla maharage, kitakachoanguka ni hilo tumbo lako!" Mafundi wote hoi.

Unajua masikio ya mtani wa jadi. Tangu enzi za mababu Diarra humwambia Traoré atakufa kesho, na Traoré humjibu kwamba atamzika leo. Nilipokazia sauti alidhani nanogesha. Nikamwandikia ripoti yenye muhuri. Akaisoma mezani wakati wa chakula cha mchana, akiiga sauti yangu, watu wakapaliwa na atieke, ule muhogo wao wa chenga. Hata Lamine alicheka! Nilitamani kumwagia sahani.

Siku hiyohiyo niliwahamisha wanangu, tukaja kupanga hapa kwa Mama Salimata. Ténin alilia, alishalizoea bwawa la kuogelea. Lamine akaninunia: "Umetuleta kutembea au kutukagua?" Ofisi ya jiji wakaniambia mhusika wa majengo yuko likizo hadi Jumatatu. Na Jumamosi kulikuwa na harusi ya watu mia tatu ukumbini mle! Nilikuwa nalizunguka jengo lile kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Ijumaa Shangazi akaniuliza, "Kwa hiyo hakusikii?"

Nikamwambia hanisikii, anadhani natania.

"Basi acha nimtanie mimi." Akachukua mkeka.

Tukakuta watu wa harusi wanapanga viti. Akautandika mkeka mlangoni mwa ukumbi, akalala chali, akajifunika kitenge hadi kidevuni. Zoumana akaja anacheka.

"We bibi, ndiyo nini tena?"

"Nazuia maiti. Hawapiti hapa mpaka mtani nipewe changu."

Wewe desturi hiyo unaijua, umeiona kwenye misiba yetu yote.

"Ala! Hapa kafa nani?"

"Bado," Shangazi akasema. "Kesho watakuwa wengi, nimekuja kuwahi nafasi."

Hakuna aliyecheka. Waliobeba viti waliviweka chini. Baba wa bwana harusi akaniita kando, akataka kuziona nguzo. Nikampeleka. Kidole chake kiliingia kwenye ufa hadi kiungo cha pili. Harusi ikahamishiwa uwanja wa shule, na Jumatatu watu wa jiji wakaja kuifunga hoteli nzima.

Jana nimekutana na Zoumana getini. Nikamtupia tusi letu moja dogo, ili tuanze upya. Akainamisha kichwa: "Habari za asubuhi, Bi Mhandisi." Kaka, Bi Mhandisi! Baba yake na baba yetu hawakuheshimiana hata siku moja, mpaka mmoja akamzika mwenzake. Nimelia barabarani kama mtoto.

Na jengo limesimama tu. Kila asubuhi naenda kuliangalia. Nikilikuta wima namshukuru Mungu, halafu nalichukia. Mafundi wananong'ona kwamba nimemharibia mtu biashara yake bure. Naomba lisimame. Naomba pia lianguke, mara moja tu, likiwa tupu na yeye akiwa mbali, ili Zoumana apate kunisamehe.

Msalimie sana wifi, na Bakary umbusu. Lamine anakusalimu, ameacha kuninunia. Shangazi anasema sakafu ya Diarra imemvunja mgongo. Mungu akulinde wewe na paa lako.

Mdogo wako akupendaye daima,
Nagnouma