Ndege Kumi na Wawili wa Kitenge cha Mama

Bariadi, 14 Agosti 1994

Mwangaluka, mdogo wangu Violeth,

Huko Sola mmeamkaje? Sisi wazima. Pamba tumeuza, siku hizi wanunuzi binafsi wanaifuata mpaka mlangoni.

Kile kitenge cha mama tulichogombania msibani nimekikata. Usiichane barua, soma kwanza. Kina ndege kumi na wawili, nashona mablanketi mawili ya viraka, lako na langu. Nimetoboa dirisha kwenye boksi la sabuni. Naliweka juu ya kitambaa mpaka ndege akae katikati, nachora kwa chaki, halafu nakata nikibakiza upana wa kidole kila upande, maana mshono unakula kitambaa.

Ndege wa kwanza nilimkata nikiwa bado na hasira na wewe, sikubakiza kitu. Mshono ukamla mdomo wote.

Ndege wako sita ni wazima, nimewakagua mmoja mmoja. Yule asiye na mdomo nimemshona katikati ya blanketi langu. Siku ile ya msiba ningekuwa kama yeye, usingeondoka bila kuaga.

Dada yako,
Domitila